Nilimwita mwanafunzi wangu mtoro mbele ya wageni wa kompyuta

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Leo nimeamua kuandika. Ni jambo lililonipata mimi mwenyewe kazini, na nitalieleza lilivyo hata pale linaponiaibisha. Shule sitaitaja, kata sitaitaja, jina la mtoto nimebadilisha. Wa Rungwe mtakaotutambua, naomba mkae nalo moyoni.

Mimi ni ke, mwalimu wa shule ya msingi, miaka kumi na saba kazini. Naishi Ibighi, hapa Tukuyu mjini, na kila asubuhi napanda bodaboda kwenda milimani kufundisha. Mnaoijua mvua ya huku mnanielewa. Kuna miezi nafika nimelowa, nafundisha nimelowa, narudi nyumbani nimelowa.

Somo langu ni Kiswahili. Siku moja hedimasta akaniita ofisini.

"Madam, wewe una simu kubwa. TEHAMA utafundisha wewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu. Simu kubwa.

Nikapelekwa semina ya siku tatu, nikarudi na kitini na maumivu ya mgongo. Kompyuta hatukuwa nazo hata moja, kwa hiyo nikaanza kufundisha kompyuta kwa chaki. Darasa la Tano, watoto sabini na kitu. Nachora monita, nachora kibodi, nachora maus, wao wanakopi. Kwenye jaribio nauliza, taja kazi tatu za maus. Wanazitaja zote tatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuishika.

Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza kama kompyuta ina harufu. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Baadaye nikawaza, mbona ni swali la maana tu? Anataka kujua kitu ambacho ubao hauwezi kumwambia.

Tukaenda hivyo karibu muhula mzima.

Halafu kuna watu waliosoma shuleni kwetu zamani, sasa wana kazi zao Mbeya na Dar, wakachangishana wakatuletea kompyuta sita za mezani. Zilizotumika, lakini nzima. Siku ya kuzishusha kwenye gari, watoto walipiga vigelegele mpaka mvua ikawa haisikiki. Mimi nilienda nyuma ya darasa nikafuta machozi, sioni aibu kusema.

Wakuu, zile kompyuta zikaingia ofisini kwa hedimasta. Hazikutoka.

Nimtendee haki, si mtu mbaya. Yeye ndiye aliyesaini kuzipokea, na alikuwa anaogopa kweli. Anaogopa wezi, anaogopa bati linalovuja, anaogopa radi. "Zikiharibika, jina ni langu," ndivyo alivyokuwa anasema. Mke wake akazifumia vitambaa vyeupe kama vile vya kwenye makochi. Ukiingia ofisini unaona sita zimekaa kwenye mstari, zimefunikwa, unaweza kudhani kuna msiba.

Nilimwomba mara ya kwanza, akasema tusubiri fundi aweke waya vizuri. Mara ya pili, tusubiri mvua zipungue. Tukuyu! Mara ya tatu aliendelea kuandika tu.

Baada ya hapo sikuomba tena. Nilichoka. Nikarudi kwenye chaki yangu, na mbele za watoto nikawa napita ile ofisi kama sijui kilichomo. Hilo ni kosa langu, na nililifanya kwa miezi.

Ndipo simu ikaja kwamba waliotoa kompyuta wanakuja Ijumaa kuona maendeleo.

Jumatano asubuhi kompyuta zote zikawa darasani. Hedimasta akatukusanya walimu akatuambia wazi: amesikia kwamba wageni wakikuta hazitumiki watazihamishia shule nyingine. Kwangu akasema, "Madam, chagua watoto kumi na wawili. Wafundishe kuwasha, kuandika jina la shule, na kuzima. Basi."

Siku mbili. Zile siku mbili, wakuu, zilikuwa tamu na zilikuwa zinauma. Kuna mtoto alitaka mshale upande juu kwenye skrini, akainyanyua maus hewani mpaka usawa wa macho. Mwingine alikuwa anabonyeza herufi moja kisha anatoa mkono haraka kama amegusa jiko. Mmoja aliinamisha pua kwenye kibodi akavuta hewa. Nilijua anatafuta nini.

Kati ya wale kumi na wawili alikuwepo huyu ninayemwita Bupe. Miaka kumi na moja. Anaishi na bibi yake, mama mzee anayechuma chai. Anatembea kama saa nzima kuja shule, na mara nyingi namkuta ameshafika, ameshafagia. Siku ya kwanza tu alijua kuandika sentensi na kuihifadhi. Siku ya pili alikuwa anawaonyesha wenzake.

Ijumaa wageni wakaja, watu watano. Kiongozi wao alikuwa dada mmoja mtu mzima, mpole, anaongea taratibu. Watoto wakawasha, wakaandika jina la shule, makofi. Hedimasta anatabasamu.

Yule dada akainama kwenye meza ya Bupe.

"Hongera. Huwa mnazitumia mara ngapi kwa wiki?"

Bupe akasimama, kama tunavyowafundisha kusimama wakijibu mgeni.

"Hatuzitumii. Zinakaa ofisini zimefunikwa. Tumezishika juzi na jana kwa sababu mlikuwa mnakuja."

Hakusema kwa kiburi. Aliulizwa, akajibu.

Hedimasta akacheka kicheko kile cha kikohozi, akaniangalia mimi. Yule dada naye akanigeukia.

"Madam, ni kweli?"

Nataka niwaambie nilifikiria. Sikufikiria. Niliona kompyuta zinapakiwa kwenye gari, niliona watoto wamesimama mlangoni wanaangalia, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Huyu ni mtoro kidogo. Vipindi vingi hayupo, ndiyo maana hajui."

Bupe hakulia. Aliniangalia tu, halafu akakaa, akaweka mikono mapajani. Yule dada akasema "aah, sawa," wakaendelea na meza nyingine. Wakanywa chai, wakala ndizi na nyama, wakaondoka.

Mimi nilidhani limeisha.

Jumatatu hedimasta akaandika barua kwa mlezi wa Bupe, aje shuleni kuhusu utoro wa mtoto. Nadhani alitaka tu kumtia adabu kwa kumwaibisha. Nilimwambia, "Mkuu, hili tuliache." Akanijibu, "Mtoro si umemtaja wewe?"

Nikarudi darasani.

Jumatano bibi akaja. Mvua inanyesha, miguu matope hadi magotini, kichwani kafunika nailoni. Hedimasta alikuwa ameitwa kikao mjini, kwa hiyo alinikuta mimi peke yangu ofisi ya walimu. Nikamwamkia, akaitika, akaketi kwenye ukingo wa benchi kama anaogopa kulilowesha. Mimi si mwenyeji wa huku, Kinyakyusa nasikia kidogo tu, kwa hiyo alijitahidi Kiswahili chake.

Chini ya khanga alikuwa amebeba mfuko. Akautoa, mkavu kabisa. Yeye amelowa, mfuko mkavu. Akatoa madaftari ya Bupe yote, akayapanga mbele yangu.

"Mwalimu, mimi kusoma sijui. Barua nimesomewa na jirani. Wanasema mtoto haji shule. Basi mimi huwa namtoa nyumbani bado giza, anakwenda wapi?"

Nikayavuta madaftari karibu.

"Wewe unajua kusoma. Nitafutie siku ambayo hakuja. Ukiipata nionyeshe, nimuulize."

Nikafungua daftari la TEHAMA. Tarehe zote zipo. Kila kipindi nilichofundisha kwa chaki kipo, monita imechorwa, kibodi imechorwa, herufi zote mahali pake. Na chini ya kila kazi kuna vema yangu nyekundu na sahihi yangu. Nikafungua la Kiswahili, hivyo hivyo. Nilikuwa napindua kurasa polepole, nadhani nilikuwa navuta muda. Yule bibi anafuata kidole changu kana kwamba naye anasoma.

Mwisho nikafunga.

"Bibi, hakukosa hata siku moja. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Nilisubiri anifokee. Angenifokea ningepata nafuu.

Akayakusanya madaftari moja moja, akayarudisha mfukoni, akafunga fundo.

"Ndaga, mwalimu. Asante. Mimi nilikuwa najua. Sasa kawaambie wale uliowaambia."

Akatoka kwenye mvua.

Kesho yake nikamfuata hedimasta, nikamwambia nampigia yule dada simu. Akasimama. "Unataka kunimaliza?" Nikamwambia sitaki kummaliza mtu, ila mtoto hawezi kubaki na jina nililompa mimi. Alisema maneno mengi ambayo sitayaandika. Nikatoka nje nikapiga nikiwa nimesimama chini ya bati.

Yule dada alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Tulijua, Madam. Mashine mbili bado zilikuwa na nailoni tuliyozifungia sisi wakati wa kuzileta. Na mtoro hawezi kuandika kwa kasi ile."

Nikauliza, sasa mtazichukua?

"Tulikuwa tunajadiliana. Mtoto tulimwamini. Wewe ndiye hatukujua tukuweke wapi."

Hayo maneno bado ninayo.

Hawakuzichukua. Waliiandikia kamati ya shule, kikao kikakaa, kompyuta zikahamia kwenye stoo ya zamani iliyowekwa kitasa na madirisha ya nondo. Moja imeshakufa, haiwaki. Zilizobaki tano zinatumika Jumanne na Alhamisi, watoto wanabanana watano watano, na umeme ukikatika tunarudi kwenye chaki. Hedimasta hanisalimii vizuri hadi leo, na ratiba mpya ilipotoka nilikuta nimeongezewa Darasa la Kwanza. Alisema ni upungufu wa walimu. Huenda ni kweli.

Siku ya kwanza kwenye ile stoo, kabla ya kuwasha chochote, niliwasimamisha Darasa la Tano lote. Nikasema, "Ile siku ya wageni nilisema Bupe ni mtoro. Ulikuwa uongo. Bupe alisema kweli na mimi niliogopa. Bupe, naomba unisamehe."

Wakanishangaa. Hawajazoea mwalimu aongee hivyo, hata mimi sijazoea.

Bupe akasema, "Sawa, Madam." Akageukia skrini.

Sasa hivi hakuna anayemfikia kwa kompyuta. Juzi amemwandikia bibi yake barua, ukurasa mzima, ingawa printa hatuna na bibi hasomi. Anawafundisha wenzake kwa uvumilivu ambao mimi sina. Lakini wakuu, kwenye kipindi changu hanyooshi mkono. Akijua jibu, na huwa anajua, ananisubiri nimtaje jina. Namtaja, anasimama, anajibu sawasawa, anakaa.

Miaka kumi na saba nimewaambia watoto wasiogope kusema kweli. Mmoja akanisikiliza, na mimi ndiye niliyemwadhibu. Nilichojifunza ni kwamba kujisahihisha mbele ya watu kunawezekana, na ni lazima ufanye, ila usitegemee kurudishiwa kila ulichokuwa nacho kwa yule mtoto. Nami sijui kama nastahili kurudishiwa.

Walimu wenzangu mliomo humu, na wazazi pia: kuna aliyewahi kupoteza imani ya mtoto namna hii ikarudi? Ilichukua muda gani, na mlifanya nini? Hata wa kunisema, aniseme tu. Nitasoma zote, kujibu ndiyo mtanivumilia, siku hizi nachoka mapema.