Baba Ni Mimi

Kwetu Itumbe, Kisii, baba mzazi huitwa tata, na mama ndiye huitwa baba. Cheka ukitaka, watu wa Pwani wametucheka sana. Mimi nilipewa jina la nyanya, mamake tata, na kwa desturi yetu nikawa mama yake. Tangu nikiwa mchanga, tata aliniita Baba.

Alikuwa mpishi katika hoteli ya kitalii Malindi. Enzi zile hoteli iling'aa: Waitaliano tele, taa mpaka kwenye minazi, na bwawa la kuogelea hatua chache kutoka baharini, utadhani bahari nzima haikuwatosha. Kila Desemba alituletea hadithi hizo pamoja na visabuni vya hoteli. Kisha watalii wakapungua, hoteli ikafungwa, wenzake wakarudi makwao. Yeye akabaki, eti wenye hoteli watarudi. Mama alizikwa yeye hayupo. Nikabadilisha laini ya simu ili asinipate, na miaka mitatu hakunipata. Hasira hasara, huwa tunawaambia wengine.

Mwaka jana mtu wa Keumbu, huko huko kwetu Kisii, aliyefanya kazi naye alileta habari: tata amekufa, na kwa kukosa ndugu, amezikwa huko huko.

Nilienda. Mlinzi mzee alinifungulia geti alasiri, jua likiwaka. Makuti yalikuwa yameanguka na bwawa limekauka, lakini kando yake viti vya plastiki vilipangwa safu moja, safi, bila vumbi. Nikauliza ni nani huvipanga. Mlinzi akatazama kando.

"Mama, mzee wako anatusumbua," akasema. "Alipougua alimwita babake siku nne. Tukamwambia, mzee, babako alishakufa, tulia. Akafa akimwita. Na hata sasa, jua likifika juu ya mnazi ule, twamsikia bwawani: Baba! Baba! Tumesoma dua, hakomi. Tafadhali, mwambie babake hayuko."

"Anayemwita yuko," nikasema. "Baba ni mimi."

Nilikaa kwenye kiti kimoja nikangoja. Jua likafika juu ya mnazi, upepo ukakatika. Kisha kutoka ndani ya lile bwawa kavu, kwa sauti iliyoniamsha asubuhi zote za utoto wangu, nikaitwa. Niliogopa. Hata hivyo niliitika.

"Tata, niko hapa. Nimechelewa."

Wiki iliyofuata mlinzi alinipigia simu nikiwa shambani nachuma chai. Sauti yake ilijaa furaha.

"Mama, ahsante sana! Kumetulia kabisa. Hatumsikii tena."

Nilikata simu. Nilikaa chini katikati ya michai, nikatega sikio mpaka jua likatua.