Hatulii na Bwana Kule

Siku nilipomtia machoni kwa mara ya kwanza, alikuwa anagombana na kiti kitupu.

Ilikuwa mapumziko ya mchana katika karakana yetu ya kushona sare. Mimi ni mtu wa pasi. Meza yangu iko mwisho kabisa, karibu na dirisha, na ninapapenda hapo kwa sababu hakuna anayenisemesha. Yeye alikuwa fundi mpya wa kola, mwanamke wa makamo kama mimi. Alikuwa amepanga karata kwenye meza ya kukatia, safu moja upande wake, nyingine upande wa pili, penye kile kiti.

"Hiyo nayo umeitoa wapi?" alikiuliza kiti. "Jana hukuwa nayo!" Kisha akanyoosha mkono, akakifunulia kiti karata nyingine.

Hazikuwa karata za kawaida. Zilikuwa zile za kukusanya, zinazouzwa kwenye pakiti zilizofungwa, hujui umepata nini mpaka uchane. Kila moja ina mnyama wa ajabu na namba mbili: ya kupiga na ya uhai. Mchezaji naye ana uhai wake. Ukiisha, kwisha habari yake. Mchezo huo alifundishwa na watoto wa dada yake, aliowalea yeye. Walikua, wakahamia kwenye simu, wakamwachia kopo la bati lililojaa karata, bila mtu wa kucheza naye. Ndipo akajitengenezea mpinzani, akamwita Bwana Kule, na kumwekea sheria: kila zamu Bwana Kule anafunua karata ya juu, anaishusha, anampiga mnyama aliye dhaifu kuliko wote mbele yake. Hafichi wala hafikirii. Na kwa kuwa hana mikono, Hatulii ndiye aliyemfunulia.

Hatulii ni jina tulilompa sisi. Mguu wake ulikanyaga hata ukiwa nje ya pedali ya cherehani. Ukiongea naye, macho yalikuwa mlangoni. Alihama vyumba vya kupanga hovyo, mpaka mizigo mingine ilikuwa haifunguliwi tena.

"Mume mzuri huyo," mafundi wenzake walimtania. "Hali, hanywi, hachelewi kurudi."

"Tatizo hana hata jasho," alijibu. "Nimemfunga mpaka nimechoka. Lakini mtu anayepumua sijawahi kumfunga hata mmoja. Wale watoto walikuwa wananimaliza kila siku."

Alilisema hilo kwa kicheko, lakini alilisema mara nyingi mno.

Duka moja la michezo likabandika tangazo la mashindano. Akanijia mezani kwangu. "Kaka, nisindikize wewe. Hawa wengine watanichekesha nikosee." Nikaitikia kwa kichwa, nikambebea bati.

Siku ya mashindano alipangiwa dereva wa lori, mtu mnene aliyefikiri taratibu. Hatulii alimbana vizuri. Uhai wa dereva ulikuwa unakatika, na zamu ikamfikia. Akakuna kidevu. Akawaza. Hatulii akanyoosha mkono ng'ambo ya meza, akamfunulia karata yake, akamshushia.

"Mama, vipi tena?" dereva alishtuka.

"Samahani! Samahani sana."

"Onyo," alisema msimamizi. "Karata ya mwenzio haiguswi. Ukirudia, unatoka."

Hatulii akaikalia mikono yake. Zamu ya dereva ikarudi, naye akakuna kidevu tena. Niliuona mguu ukianza kutikisika, kisha bega, kisha mkono ukichomoka. Nilitaka kupiga kelele, lakini mimi si mtu wa kupaza sauti. Akaifunua.

Akatolewa. "Jamani, alikuwa ananimaliza huyu," dereva alisema kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomkata kabisa. Nje nilimpa bati lake. Hakulipokea. "Kaa nalo," alisema, akaondoka mbio.

Jumatatu mchana nilipanga karata kwenye meza ya kukatia. Nikachukua chaki ya fundi, nikachora mstari katikati ya meza. Kisha nikaketi kwenye kiti cha Bwana Kule, masikio yananiwaka moto. Kutoka kwenye pasi yangu nilikuwa nimewatazama siku nyingi, mchezo niliujua.

"Unafanya nini?" Hatulii aliniuliza.

"Mkono usivuke chaki," nilimwambia.

Ulivuka. Nikakohoa. Siku za mwanzo nilikohoa mpaka wenzetu wakaniletea maji. Nilifuata sheria za Bwana Kule, mpaka siku moja nikaiweka karata kali mkononi bila kuishusha.

"Bwana Kule hafanyi hivyo!"

"Mimi siyo Bwana Kule."

Alinitazama kama mgeni aliyeingia sasa hivi. Tangu hapo nilimfunga kila siku, kwa sababu nilisubiri, na kusubiri ndiko kulikomshinda. "Cheza basi, kaka, utaota mizizi!" Na kila mara: "Ukiniachia nitajua, na sitakusemesha tena."

Kisha dada yake akapata chumba cha biashara mji mwingine, cha kushonea mapazia, akamwita. Siku ya kuondoka, pikapu ilisimama getini na cherehani yake na yale mafurushi yasiyofunguliwa. Sisi tulikuwa bado mezani. Pigo moja lingenimaliza, na zamu ilikuwa yangu. Karata ya juu ingeweza kuniokoa. Nikaitazama. Pikapu ikapiga honi. Nikaendelea kuitazama.

Mkono wake ukaja. Vidole vikafika kwenye chaki, vikatua juu ya mstari, vikabaki hapo vikiigonga meza.

"Geuza mwenyewe," alisema.

Nikageuza. Niliomba kwa moyo wote liwe joka. Alikuwa konokono.

Alinipiga kwa mnyama wake wa mwisho, akaruka juu na kiti kikaanguka. "Anapumua huyu!" aliwapigia kelele mafundi wote. "Anapumua na nimemfunga!" Akakumbatia kila aliyekuwa karibu, akazoa karata zake, za Bwana Kule akanisukumia mimi, akakimbilia getini.

Pikapu ilikuwa imeshaanza kutembea alipotoa kichwa dirishani.

"Kaka wa pasi! Usije ukawaambia watu uliniachia!"