Uboho wa Kijana Wangu Unaweza Kumponya Dada Yake, Wakwe Zangu Wamekataa

Admin, ficha jina langu, na ukiona mtu anakisia kwa maoni, mfute. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita. Nimezaliwa Kitale, wazazi wangu walitoka Nyeri wakaja kulima mahindi huku. Niliolewa Bumula, Bungoma, na hao watu wameninyoosha. Leo nimekasirika, kwa hivyo mnivumilie.

Tuna watoto wawili. Kijana ana miaka kumi na tatu. Msichana ana saba na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu unaomfanya alie mifupa mpaka sauti ikauke. Nimelala naye wodini mpaka manesi wananijua kwa jina. Miaka yote tuliambiwa kinachoponya kabisa ni kupandikizwa uboho, lakini huko ni India, na India ni ya wenye nazo. Sisi wengine tulipewa vidonge vya maumivu na pole.

Mwaka huu hospitali moja Nairobi imeanza kuwafanyia watoto wa watu kama sisi, wafadhili wanalipa. Tulipimwa wote. Kijana ndiye alipatikana analingana na dada yake. Nililia pale kwa korido kama mjinga. Daktari akaeleza kwamba watamlaza usingizi, watoe uboho kwa mfupa wa nyonga na sindano, na mwili utatengeneza mwingine. Nafasi yetu ni mwezi wa nane. Tukiikosa anapewa mtoto mwingine, maana foleni ni ndefu.

Sasa huo mwezi wa nane ndio kijana anafaa kutahiriwa. Kwa wakwe zangu tohara ni kila baada ya miaka miwili, hadharani, kijana amesimama wima bila kupepesa jicho. Daktari hataki kidonda chochote kabla ya uboho kutolewa. Nikawaomba wangoje, aingie na kundi lijalo. Wacha! Mama mkwe akapiga makofi.

"Ati mtoto atobolewe mifupa halafu asimame mbele ya kisu? Magoti yakitetemeka, aibu ni ya nani?"

"Mama, huyu msichana anaweza kufa."

"Huyo ataolewa. Kijana ndiye boma."

Ataolewa! Maiti huolewa wapi, bana? Na mume wangu ameketi hapo anakunywa chai. Akasema nikimpeleka kijana Nairobi, nitapata mizigo yangu imetupwa kwa barabara. Nilimwambia mbele ya mama yake kwamba anaogopa kusengenywa sokoni kuliko kuzika binti yake. Sijutii.

Sasa sikieni nilichofanya. Desturi yao, kijana lazima aende kwa mjomba, ndugu ya mama, achinjiwe ng'ombe na avishwe nyama shingoni. Bila hiyo, hakuna kisu. Na mjomba ni kaka yangu wa Kitale. Nilimpigia simu nikamwambia akatae. Aliposikia nalia, akakubali. Wakwe zangu wakatukana ukoo wetu wote, ati sisi ni wachoyo. Hawajui ni mimi. Nilikuwa jikoni nikiwapikia ugali, na moyo ulikuwa mtamu kidogo, siwadanganyi.

Lakini sasa wamempata binamu yangu wa Moi's Bridge, amekubali kusimama kama mjomba.

Juzi kijana alinifuata shambani nikipalilia maharagwe. Kumbe hakuna mtu alikuwa amemuuliza, hata mimi, nakiri. Akasema, "Mama, dada akipewa hiyo kitu yangu, atawacha kulia?"

Nikamwambia daktari ana matumaini.

"Basi tuende. Lakini usiseme nilikubali. Sema ulinilazimisha. Wakijua nilikubali watasema nilitoroka kisu, na wataniita mwoga mpaka nizeeke."

Nikisema hivyo, ndoa imekwisha, na Bumula yote itajua mimi ndiye niliiba mtoto wao. Nikisema ukweli, nimemvua kijana wangu heshima kwa watu wake. Msiniambie niombe, nimeomba. Msiniambie niketi na wazee, nimeketi mpaka nikachoka. Hospitali inataka jibu Ijumaa. Nishaurini haraka: mama akimwokoa binti yake, je, awaache watu wamwite mwizi ili mwanawe asiitwe mwoga?