Gitaa la Baba Lililopelekwa Kiseke

Mwezi uliopita nilikwenda Kiseke kumsalimia baba mdogo, nikakuta kuku anaatamia ndani ya gitaa la marehemu baba. Watu wa nyumba hiyo walikuwa wamelikata uso kwa msumeno ili kuku aenee.

Lilikuwa gitaa la umeme la bei rahisi, lakini lenye uwazi tumboni, kwa hiyo hata umeme ukikatika nyumbani kwetu Butimba baba aliendelea kupiga na sisi tukamsikia. Ukilisogelea, lilinukia vanishi na jasho lake. Mtoto ambaye baba alikuwa akimfundisha kulipiga ni mimi, binti yake.

Mchana wa kuanua matanga, uani kukinuka dagaa wa kukaanga, wanaume wa ukoo waligawana vitu vyake. Baba mdogo, asiyejua kupiga hata wimbo mmoja, akaliweka gitaa begani.

"Nalichukua lisije likaharibika," alisema.

Mama, pale mkekani, alifungua mdomo, kisha akaufunga. Nilidhani amechoka kulia. Nikakimbia ndani kuleta waya wa kuunganisha gitaa na spika, nikampa kwa mikono miwili huku nimepiga magoti. "Asante, baba mdogo."

Sasa, pale Kiseke, baba mdogo aliniona nalitazama, akacheka. "Unalikumbuka? Hili limetusaidia sana."

Nilimtoa kuku. Mayai niliyamwaga pale pale miguuni pake, nikaliweka gitaa begani.

"Na waya wake uko wapi?" nilimuuliza nikiwa nimesimama. "Nilikupa mimi mwenyewe. Kwa magoti."