Uso Ulionitangulia Kibombo

Siku niliyomwambia mama kwamba nimekubali kugombea kiti katika bunge la jimbo, alikuwa barazani anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Watatundika picha yako?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba kila mgombea anatundika picha.

"Basi uwaambie wasitundike ya kwako. Ule uso si wako peke yako."

Nilijua anasema nini. Mama alizaa mabinti wawili. Dada yangu alinizidi umri kidogo sana, na majirani zetu wa mtaa wa Mikelenge walikuwa wakimwuliza mama kama sisi ni mapacha. Paji moja la uso, mwanya mmoja katika meno ya mbele, hata namna ya kuinamisha kichwa tukiulizwa swali. Shuleni walimu walimwadhibu yeye kwa makosa yangu, naye alinyamaza mpaka tufike nyumbani, halafu ananifinya.

Wakati wa vita mji wetu wa Kindu ulikuwa kama nyumba iliyofungwa kwa nje. Askari walishika mji, watu wenye silaha walishika msitu, nasi tulikaa katikati. Gari la moshi liliacha kuja. Chumvi ikapotea, kisha sabuni. Chakula kilikuwepo, lakini kilikuwa mashambani, na mashamba yalikuwa ng'ambo ya nyumba za mwisho. Ukienda, watu wa msituni wanasema umetumwa na askari. Ukirudi, askari wanasema umepeleka habari msituni. Wanawake walikwenda hivyohivyo, maana watoto hawaelewi mambo hayo.

Asubuhi moja dada alitoka na jirani zetu wawili kwenda kuchuma sombe, majani ya mihogo, katika shamba letu. Mimi nilikuwa nimelala na malaria, natetemeka chini ya blanketi, na nilisikia tu sauti yake akimwambia mama atarudi kabla jua halijawa kali. Jirani wale walirudi mbio bila vikapu. Mmoja alisema wanaume walitokea kwenye mianzi, wakamkamata dada kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia, wakawaambia wao wakimbie wasigeuke nyuma.

Baba alikwenda kwa askari kuomba msaada. Wakamwuliza amejuaje kwamba ni watu wa msituni, kama yeye si mwenzao. Alirudi jioni na mdomo umevimba. Habari ile hakuizungumza tena mpaka alipokufa, miaka kadhaa baada ya vita kwisha.

Mama alikataa matanga. Mashehe wa msikiti walikuja kumshauri asome hitima, roho ya binti ipumzike. Akawauliza, "Nani ameniletea maiti?" Wakaondoka. Tangu hapo, nyumbani kwetu dada hakutajwa kama mtu aliyekuwepo. Alitajwa kama mtu aliyepo. "Dada yako hapendi samaki wa kukaushwa," mama anasema, huku anaondoa samaki sufuriani, miaka na miaka baada ya ile asubuhi. Mume wangu alipoingia katika ukoo wetu alidhani dada anaishi mji mwingine. Ilibidi nimweleze.

Nikawa mwalimu wa shule ya msingi, kisha nikaongoza umoja wa akina mama wanaolima na kuuza mpunga. Wengi wao wanatoka upande wa Kibombo. Nilisikia jinsi mpunga unavyoota ukiwa njiani kwa sababu ya madaraja yaliyovunjika, nikaenda ofisi baada ya ofisi kupiga kelele, mpaka watu wa chama kimoja wakaniambia: mama, badala ya kupiga kelele mlangoni, ingia ndani. Ukoo wa baba ni wa Kibombo, basi nikaandikishwa kugombea kule.

Picha haikuwa mpya. Mtu wa chama alichagua ile niliyopigwa nilipomaliza masomo ya ualimu. Alisema ile ya sasa ina uchovu.

Nilisafiri na mzee mmoja, mfanyakazi mstaafu wa reli ambaye wazazi wake walitoka Kasai. Yeye ndiye aliyenisimamia kampeni. Tulikwenda kwa pikipiki mbili, kijiji hadi kijiji, na picha zangu zilikuwa zimekwisha kufika kabla yetu. Mahali pengi walitupokea kwa ngoma, wakaomba chumvi, wakaomba fulana, wakasikiliza kidogo. Nilianza kuzoea. Nilianza hata kufurahia.

Kisha tukafika kijiji kimoja kisicho mbali na reli. Hakukuwa na ngoma. Watu walisimama mbali, kwenye milango ya nyumba zao. Niliponyoosha mkono kumsalimu mama mmoja, alimvuta mtoto wake nyuma ya kitenge. Picha yangu ilikuwa kwenye mti karibu na kisima, na mtu alikuwa ameifunika kwa jani la mgomba.

Mzee wa reli alimwendea kapita, yule mkubwa wa kijiji, akamwuliza kwa upole kuna nini.

"Mzee, mutusamehe," kapita akasema. "Si ubaya. Watu wanaogopa. Mama huyu njo alikufaka hapa kwetu."

Nilisikia vizuri: eti mimi ndiye niliyefia hapo kwao. Mzee akacheka, akidhani ni mzaha. Mimi nikakaa kwenye gogo lililokuwa hapo.

"Alikuwa na mwanya?" nikauliza.

Kapita alinitazama mdomoni, kisha akatazama chini. "Ngojeni," akasema, akaenda kumwita bibi mmoja.

Bibi huyo alikuja akishika fimbo. Alisimama karibu sana, akanigusa shavu kwa nyuma ya vidole, kama unavyopima homa.

"Ni wa moto," akawaambia watu. "Muntu muzima huyu." Kisha akaniambia, "Wewe njo mudogo wake. Alikuwa anakutaja."

Akanieleza palepale, watu wakisogea taratibu. Wale wanaume walipita hapo wakiwa na dada. Mmoja wao alimfanya mke, bila ya mtu kumwuliza dada anataka nini. Walikaa pembeni ya kijiji. Dada hakuzungumza sana, ila akitwanga alikuwa akielezea nyumba yetu ya Mikelenge, baraza yake, mama yake, mdogo wake mwenye homa. Alipokuwa karibu kuzaa, yule mwanaume aliondoka na wenzake na hakurudi. Bibi ndiye aliyemzalisha. Mtoto alitoka mzima. Damu ya dada haikukoma.

"Mbona hamkutuletea habari?" nikauliza. Sauti yangu ilinitoka kwa ukali ambao sikuukusudia.

"Tupeleke kwa nani?" bibi akasema. "Wakati ule, muntu akileta habari kama hii, wanamuuliza yeye alikuwa wapi. Na kisha vita iliisha, tukaona haya. Ilikuwa imepita sana."

Walinipeleka kaburini. Ni tuta dogo nyuma ya shamba la mpunga, limezungushiwa mawe meupe ya reli. Nyasi zilikuwa zimefyekwa. Nilimwuliza bibi ni nani anayefyeka, akanionyesha kwa fimbo mwanamke kijana aliyekuwa amesimama nyuma yetu, na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama mudogo," akasema.

Nilikuwa namtafuta dada katika uso ule, na sikumpata. Paji jingine, macho mengine, meno yaliyobanana bila mwanya. Alikuwa na uso wa mtu nisiyemjua, na nilijua ni wa mwanaume gani. Nadhani naye aliona, kwa sababu aliinamisha macho. Ndipo nikamshika, na mtoto wake, na tukalia wote.

Hapo kampeni ingekwisha, lakini siku zilikuwa bado. Na uvumi ulikwisha kutangulia mbele yetu. Kijiji kilichofuata walikuwa wanasema mgombea wa mpunga ni maiti. Kwingine walisema nimefufuliwa kwa dawa ili nishinde. Nasikia mpinzani mmoja alicheka tu alipoulizwa, na kicheko kilitosha.

Mzee wa reli alinishauri baada ya usiku mmoja tu wa mawazo. "Mwalimu, waelezee watu ukweli wote. Dada yako, kaburi, yule binti. Mupandishe pamoja na wewe kwenye jukwaa. Watalia, na watakupigia kura. Si uongo, ni mambo ya kweli."

Hakusema kwa ubaya. Nami nilijua anasema kweli. Nikamwuliza yule binti.

Alikuwa anapepeta mchele, akaweka ungo chini. "Mama mudogo, hapa kwetu wananijua, walinizoea. Lakini kule Kibombo mukisema, wataniita mutoto wa musituni. Na huyu naye," akamgusa mtoto wake, "watamuita vile."

Kwa hiyo sikusema.

Kwenye mkutano wa mwisho, Kibombo mjini, watu walikuwa wengi. Nilizungumza juu ya madaraja na juu ya maghala ya mpunga. Kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma:

"Mama! Njo wewe ulikufaka?"

Kicheko kikaenea. Mzee akanitazama, akiniomba kwa macho. Nilishuka jukwaani. "Mimi ni mzima," nikasema. "Nishikeni mkono." Nikapita kati yao mkono nimeunyoosha. Wengi waliushika. Wengine walirudi nyuma, na mama mmoja mtu mzima alificha uso, akanong'ona sala. Nilipomfikia nilitamani kumwambia kwamba hakukosea sana.

Nilishindwa. Mzee wa reli alinuna kwa muda, kisha akaja kwetu kunywa chai, akawa kama zamani.

Mama nilimwambia kabla ya kura kuhesabiwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akataka kujua mtoto alinyonya maziwa ya nani. Nikasema ya mwanamke mmoja wa kijijini aliyekuwa na mtoto wake mchanga. Akatikisa kichwa, akaingia ndani.

Mjukuu wake alipokuja Kindu, mama alimtazama usoni kwa muda mrefu, tena kwa namna iliyonitisha, maana niliona anatafuta kama nilivyotafuta mimi. Kisha akamwambia, "Weka mizigo chini. Mumekula?" Siku ile alipika mwenyewe. Binti aliposhika kitenge chake kumfuta mtoto jasho, mama aligeuza uso. Haikuwa rahisi. Bado si rahisi. Kuna siku mama anamwita "mwanangu", na kuna siku anashindwa kukaa naye chumba kimoja, anatoka kwenda kwa jirani bila kueleza.

Hitima ilisomwa barazani kwetu, watu wakajaa mpaka barabarani. Shehe alipouliza jina la marehemu, mama alilitaja yeye mwenyewe, kwa sauti ya kawaida. Baada ya hapo akawa anasema "dada yako alikuwa." Mara ya kwanza nilipomsikia nilitoka nje.

Chama kimeniuliza kama nitagombea tena. Sijajibu. Watu hudhani ukishajua mtu wako amelala wapi, unapata utulivu. Mimi katika miaka yote ya kutojua sikumwota dada hata mara moja. Sasa ananijia. Amekaa barazani, kijana kama alivyokuwa, na mimi nywele zimeanza kuwa nyeupe, naye ananitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mama wa mtu mwingine, akijaribu kukumbuka aliniona wapi.