Nilichukua Gari la Spoti Ili Nimkomeshe Mke wa Shemeji

Mimi ndiye mkosaji. Naanza hivyo ili usipoteze muda kunitafutia utetezi, maana hata mimi nimeutafuta nikaukosa. Mama mkwe wangu hatembei tena, na chanzo ni wivu wangu. Wivu wa gari!

Jina langu liacheni. Naishi Same mjini, nina duka la vitenge na mume mpole kupita kiasi. Mama yake alikuwa anaishi Myamba, juu milimani, na tangawizi zake. Aliteleza shambani akavunjika nyonga. Baada ya kuwekewa vyuma, daktari alisema atatembea vizuri tu, ila asikose mazoezi ya viungo hospitali ya mjini, kila wiki. Tukamwomba ahamie kwetu mjini, akakataa. "Na shamba nimwachie nani, nyani?" Mpare akishasema hapana, ndugu yangu, unamjua mwenyewe.

Ndipo tukaamua kununua gari la kumshusha na kumpandisha. Mume wangu akataka la umeme, tuwe tunalichaji hapo hapo nyumbani.

Sasa nikwambie kuhusu Naelijwa. Hilo si jina lake. Ni mke wa mdogo wa mume wangu, wanaishi Dar, na wao walitutangulia kununua la umeme. Lao ni lile toleo la starehe: limeinuka, siti pana kama kochi, shokapu laini. Walikuja nalo Krismasi, wakampeleka Mama kanisani. Aliporudi alilisifia mpaka jioni. "Gari la Naelijwa! Nimekaa mle hata nyonga nimeisahau."

Looh! Mimi ninayemwogesha, mimi ninayepanda Myamba kila mara na dawa za kumkanda, sijawahi kusifiwa vile. Yeye anakuja mara moja kwa mwaka na miwani yake ya jua, anabeba sifa zote! Nilikuwa jikoni nakoroga makande. Nilikoroga kwa hasira mpaka maharage yakawa uji.

Siku ya kununua ilipofika, mume wangu alikosa ruhusa kazini, akanituma mimi Dar. "Chagua wewe, mimi magari siyajui. Mfikirie Mama tu."

Kwa muuzaji nilikuta magari mawili ya aina moja, ila matoleo tofauti. Moja la starehe, jeupe, pacha kabisa wa lile la Naelijwa. La pili la spoti: jekundu, limelala chini, rimu kubwa, siti za kubana mbavu. Dada aliyekuwa anauza aliposikia natoka Upareni hakunificha. "Kama ni la mgonjwa na barabara za mlimani, chukua jeupe. Hili la spoti ni gumu, litamrusha."

Nikaliangalia lile jeupe, nikamwona Naelijwa amekaa ndani. Nikawasikia watu wa Myamba wanasema nimeiga. Nimuige yeye? Thubutu! Nikachukua jekundu. Kisha nikampigia mume wangu simu, nikamwambia ya starehe yameisha. Nilisema hivyo nimeegemea boneti ya lile jeupe, na sauti wala haikutetemeka.

Kwenye lami lilikwenda mno, sitaki kudanganya. Mpaka Hedaru nilikuwa nayapita mabasi huku natabasamu peke yangu. Shida ilianza nilipokata kona kupanda mlima. Kwenye msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, watu huchimba mitaro ya kukatiza barabara ili mvua isiichukue. Kila mtaro, tumbo la gari lilikwaruza. Nikawa nawalaani wachimbaji!

Mama kuingia humo ilibidi ajikunje, tumemshika watu wawili. Wakati wa kushuka mlima nilimwona kwenye kioo amefumba macho, midomo inacheza. Nikadhani anasali.

"Mama, gari unalionaje?"

"Zuri, mwanangu. Rangi yake inapendeza."

Nikaifurahia sifa hiyo, jamani, sifa ya rangi!

Baada ya safari chache Mama akaanza visingizio. Mara ana mgeni, mara wanavuna tangawizi. Mwishowe akasema, "Mimi nimepona, msijisumbue." Mume wangu alitaka kumlazimisha, mimi nikamwambia amwache mama wa watu apumzike. Moyoni nilikuwa nataka gari likae mbele ya duka, wapita njia waliulizie. Naona aibu kuandika hili.

Kuna siku Naelijwa akanipigia. "Shikamoo dada. Nilikuwa nawaza, kwa nini tusibadilishane magari? Sisi huku ni lami tupu, na letu limeinuka, lingewafaa kwenye mlima."

Nilichosikia mimi ni kwamba gari letu halifai. Nikamjibu, "Asante, letu linatutosha. Kwani lenu limewachosha?" Akaniaga kwa heshima zote.

Krismasi nyingine ikafika, wakaja. Mama hakuweza kunyanyuka kuwapokea. Alikuwa akituambia ni baridi tu inayomsumbua, kumbe nyonga ilishakaza na misuli imekwisha. Tulipomrudisha hospitali, daktari akatuambia kutembea tusahau.

Naelijwa alinifuata jikoni analia. "Dada, Mama ndiye aliyenituma nikupigie simu ile."

"Akutume wewe? Kwa nini asiniambie mimi?"

"Gari lilikuwa linamuumiza mpaka akishuka anatetemeka. Nikamwambia, mwambie mwanao. Akakataa. Akasema, 'Yule ndiye anayeniogesha, ndiye mwanangu wa kila siku. Gari kalichagua mwenyewe. Nikilikataa ataona nimemkataa yeye.' Akaniomba niseme kama wazo langu."

Nilikaa chini pale pale kwenye majivu. Mapenzi niliyokuwa nayagombania yalikuwa yangu siku zote, na bibi wa watu aliumia kimya ili asinivunje moyo!

Nilimwambia mume wangu ukweli wote, pamoja na lile jeupe lililokuwa limebaki. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama yule dada aliyeniuzia gari alinionya, nikasema ndiyo. Tangu hapo anakula, anashukuru, anatoka. Hajaniachia tena kuamua chochote, hata rangi ya pazia.

Mama sasa yuko kwetu Same, shamba analimiss kila saa. Nilimpigia magoti nikaungama. Alinitazama sana, akasema, "Nimekusamehe. Ila wa kunigeuza asubuhi ni wewe, usichelewe." Magari tulishabadilishana. Lile la starehe limeegeshwa nje, na Mama tunambeba mikononi kumwingiza.

Na usidhani nimepona. Juzi Naelijwa ametuma picha yuko kwenye lile jekundu, lami imenyooka, limemkaa vizuri kuliko lilivyonikaa mimi. Roho ikaniuma! Bado, baada ya yote haya, roho ikaniuma. Nikaweka simu chini nikaenda kumgeuza Mama.

Wewe unayesoma, ukienda kununua gari la mgonjwa, nenda naye. Mkalishe ndani, mpitishe kwenye barabara mbovu, na usimuulize kama ni zuri. Muulize anaumia wapi, usiondoke mpaka akujibu.