Siku Nabintu Alipoitwa Msituni

Watu wa kwetu hawaendi msituni kutembea. Unaenda kutafuta kuni, au unaenda kwa sababu nyuma yako kuna watu wenye bunduki. Kwa hiyo jirani yangu Nabintu alipoanza kutusumbua kanisani, hapa Buffalo, kwamba siku za mapumziko tufuatane naye kwenye mbuga na mapori ya serikali, tulimcheka mpaka machozi yakatutoka.

"Nani anaingia pori na hakuna mwenye kumufukuza?" nilimuuliza.

"Mama Kostansia, pori ya huku iko na vyoo," alinijibu. "Miti iko na alama ya rangi. Mutu anapotea namna gani?"

Yote yalianza na tension. Daktari alimwambia damu yake inapanda, atembee. Nabintu anafua mashuka katika nyumba ya wazee, kazi ya kusimama kutwa nzima, na mimi ningeambiwa nitembee juu ya hayo ningebadilisha daktari. Yeye alitembea. Alianza kando ya mto Niagara, karibu na nyumba zetu za Riverside, kisha akachoshwa na lami, akawa anamwomba dereva wa gari la kanisa ampeleke mbali zaidi, kwenye maporomoko na mabonde. Alinunua viatu vya kupandia milima kwenye duka la mitumba, akavivaa na kitenge. Nilikwenda naye mara moja tu. Nilipanda mlima ili nione mlima mwingine, na magoti yangu hayajamsamehe.

Lakini lazima niseme ukweli: pale msituni alikuwa mtu mwingine. Nyumbani Nabintu ni mwanamke anayekagua kufuli kabla ya kulala, kisha anaamka kukagua tena. Kijiji chetu kilikuwa ukingoni mwa msitu wa Kahuzi, kule Kongo, na waliotoka mle msituni miaka ile ya vita walimchukua mume wake na kaka zake wawili. Huku, chini ya miti, alikuwa akivuta pumzi hadi tumboni na kucheka peke yake. Aliniambia kwamba hofu imekwisha, kwamba ameiacha kule njiani. Nilimwamini. Yeye mwenyewe alijiamini, na hapo ndipo palipoharibika.

Sisi wa kijiji kile tumetawanyika: wengine Louisville, wengine Columbus, sisi huku Buffalo. Kila mwaka, mwezi wa nane, tunakutana. Kawaida tunakodi ukumbi Columbus, tunakula, tunaomba, tunagombana kidogo, tunarudi. Mwaka jana Nabintu alisimama akasema tukutane porini, kwenye vilima vya kusini mwa Ohio, mahali pana mapango na maporomoko, mbali na kila kitu, hata simu haishiki. Alizungumza vizuri mno. Ferdinandi wa Louisville, ambaye kazi yake ni kupinga, alikubali kwa sababu aliahidiwa jiko la kuchomea mbuzi.

Aliyekataa ni Immaculée, mkwe wa Nabintu. Huyu ni mke wa Aganze, mtoto pekee wa Nabintu aliyebaki hai, nao wanakaa Westerville, pembeni mwa Columbus, na watoto wawili: Séphora, wa miaka sita, na mdogo wake wa kiume anayeanza kutembea. Immaculée alitaka kuja bila watoto. Nabintu alimpigia simu mbele yangu.

"Binti yangu, Séphora nitamushika mukono mimi mwenyewe. Ile pori haina mutu mubaya. Mimi najua."

Immaculée alikubali. Unamkatalia vipi mama mkwe aliyetamka neno la namna hiyo?

Siku yenyewe ilikuwa nzuri. Bugali ilisongwa kwenye sufuria kubwa, mbuzi wa Ferdinandi aliungua upande mmoja tu, na Nabintu alitembea katikati yetu kama mwenye shamba. Baada ya chakula alimchukua Séphora kwenda kuona pango. Njia ilikuwa fupi, imewekwa alama. Angeifuata mpaka mwisho, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Aliona uyoga. Mwanamke wa kwetu akiona uyoga baada ya mvua hapiti, na wala simlaumu kwa hilo. Uliota nyuma ya gogo, mwingine ukawa mbele kidogo, mwingine chini bondeni. Aliinama na kuinuka, Séphora akishika ncha ya kitenge kilichobeba uyoga. Alipogeuka kutafuta alama ya rangi kwenye miti, hakuna mti uliokuwa na alama. Akatembea kwenda alikodhani ndiko njia ilipo, na kadiri alivyotembea ndivyo bonde lilivyozidi kuwa refu.

Sisi tuliona amechelewa. Aganze akaenda kutazama pangoni, akarudi mbio. Watu wa mbuga walifuatwa kwa gari, wakaja na magari, redio na mbwa mmoja mkubwa, wakatupanga kwa mistari. Immaculée alisimama kando ya meza ya chakula akiwa na mtoto mdogo mgongoni, akiitazama njia ya pangoni. Wale watu walimuuliza Aganze majina ya waliopotea, wakaingia msituni wakiyaita kwa sauti kubwa.

Yaliyotokea bondeni niliambiwa na Nabintu mwenyewe, na aliyasema bila kunitazama.

Alisikia viatu vizito. Alisikia redio zikikwaruza. Alisikia sauti za wanaume wasiomjua zikiita jina lake: Nabintu, Nabintu. Na kule kwetu, mwenye kukuita kwa jina msituni si ndugu yako. Wale wenye bunduki walikuwa wakijifunza majina yetu kwanza, halafu wanakuja kuyaita kwa upole, tokeni, tumeleta msaada. Wenye kutoka hawakurudi. Nabintu aliniambia kwamba hakufikiri. Mwili wake ulifikiri. Alimvuta Séphora chini ya mwamba, akakokota majani na matawi juu yao, akamziba mtoto mdomo kwa kiganja.

Séphora alijitingisha. Alizisikia sauti, alizijua ni za watu wa mbuga, kwa sababu shuleni wanafundishwa: ukipotea, kaa mahali pamoja, ukiitwa, itika. Alitaka kuitika. Bibi yake, ambaye yeye humwita Koko, akazidi kukaza kiganja.

Halafu Aganze mwenyewe akaita. "Mama! Mama, ni mimi! Séphora!"

Sauti ya mwanawe hasa. Hapo wewe na mimi tungetoka. Nabintu alijikunyata zaidi. Kwa sababu wale watu wa zamani walikuwa pia na desturi hiyo: wanamtanguliza mtoto wa mtu, bunduki mgongoni, amwite mamake. Aliposikia jinsi sauti ya Aganze ilivyotetemeka, alijua, aliniambia, alijua kabisa kwamba wamemkamata. Akachagua. Alimwacha mwanawe apite ili mjukuu abaki. Wakapita hatua chache kutoka pale, sauti ikafifia, naye akaanza kumlilia Aganze kimoyomoyo kama maiti.

Ni mbwa aliyewapata, jua likiwa bado juu ya vilima. Mwenye mbwa alikuwa binti kijana wa mbuga, mwenye nywele nyekundu, akapiga magoti na kunyoosha mkono. Aganze alikuwa nyuma yake na mimi nyuma ya Aganze, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu. Nabintu alitoka chini ya majani kwa magoti. Alivua saa yake, akatoa simu kifuani, akaviweka vyote miguuni mwa yule binti, akainua mikono.

"Kamata yote," alisema. "Kamata na mimi. Mutoto muache. Ni mudogo, hawezi kusema kitu."

Yule binti hakuelewa. Aganze alielewa. Alifunika uso kwa mikono miwili. Alikuwa na umri wa Séphora walipokimbia kwao, na sidhani alitaka kukumbushwa namna ile, mbele ya watu wenye fulana za rangi ya machungwa.

Nabintu alimwona mwanawe amesimama mzima, hana bunduki mgongoni, na fahamu zikamrudia. Sijawahi kuona aibu ikimwingia mtu waziwazi kiasi kile. Alishusha mikono. Alitazama saa yake chini. Wale watu wa mbuga walikuwa wakipiga makofi kwa furaha, wakimfunika blanketi, na kila kofi lilizidi kumwinamisha.

Kanisani Jumapili mchungaji alitaka atoe ushuhuda, jinsi Mungu alivyomficha. Nabintu alikataa palepale kitini.

"Mungu alituma batu ba kututafuta," alisema. "Mimi ndiye nilijificha."

Mtu mmoja akanong'ona kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ni kweli, lakini methali haikumsaidia Nabintu. Aliacha kutembea. Viatu alivitoa nje na takataka. Immaculée hakuwa amemlaumu hata kidogo, na hilo lilimuuma zaidi kuliko matusi. Nabintu alijua kwamba hataachiwa tena mtoto yule, na alijua kwamba hastahili kuachiwa.

Kisha Immaculée akapiga simu. Nilikuwa jikoni kwa Nabintu, nikasikia yote.

"Mama, sikia bien. Jana kuna mutu alileta carton, akagonga mulango. Séphora alikamata mutoto, akaingia naye nyuma ya canapé ya kukalia, akamufunga kinywa. Nilimukuta mutoto anageuka rangi. Nauliza, unafanya nini? Anasema ni jeu ya Koko. Anasema mulicheza na Koko, na Koko alishinda."

Immaculée aliongea taratibu, bila hasira.

"Mama, mimi siwezi kumutosha ile kitu mu kichwa. Ni wewe. Ukuje."

Nabintu alipanda basi la kwenda Columbus, nami nikaenda naye, maana alikuwa hawezi hata kushika tiketi. Njia nzima alisema neno moja tu: kwamba afadhali Séphora angemchukia.

Sasa, kwetu mkubwa hamwombi mtoto msamaha. Ukikosea unampa kipande cha nyama, mambo yanaisha. Pale Westerville Nabintu hakuleta kitu. Alimkalisha Séphora kitini, yeye akakaa chini sakafuni, mbele ya mwanawe na mkwe wake, na mimi nikatamani nitoke nje.

"Séphora," alisema, "haikukuwa mucheze. Koko hakushinda. Koko aliogopa. Bale batu bazuri balikuwa banatutafuta, na Koko alibaogopa. Papa yako aliniita, na sikumujibu. Unihurumie."

Mtoto alimtazama. Huyu husikia Kiswahili chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, na safari hii alijikaza, akatafuta maneno ya bibi yake moja moja.

"Koko, uliogopa?"

"Niliogopa sana."

"Mimi sikuogopa." Alifikiri kidogo. "Ungeniambia. Ningebaita."

Aganze alitoka sebuleni, tukasikia mlango wa nyuma. Immaculée alibaki. Nabintu alishika miguu ya mtoto, uso wake chini kabisa.

"Nilijua utabaita, mama," alisema. "Ndiyo sababu nilikufunga kinywa."